Pesa ya msimu imeingia: nyumba ipambwe kuanzia wapi?

Masoko ya tumbaku yakimalizika na mpunga ukiwa ghalani, mafundi seremala wa Tabora huwa hawana nafasi. Mvua zimekatika, barabara zinapitika na pesa ipo mkononi. Huu ndio wakati familia nyingi za Kipalapala na vijiji jirani hununua vitu vya ndani: makochi, kabati la vyombo, runinga, mapazia.

Pesa hiyo huja mara moja kwa mwaka. Ikiishia kwenye kitu kisichodumu, tunasubiri miezi kumi na miwili mingine. Katika makala haya tunaeleza namna ya kupamba nyumba ikapendeza, ikawafaa watoto, na pesa ya jasho isipotee.

Jambo letu kubwa ni moja: nyumba ipambwe kwanza kwa ajili ya wanaolala ndani yake, mgeni afuate. Wengi wetu tunafanya kinyume. Sebule inapata makochi mapya yenye vitambaa vya kufuma, na watoto wanakatazwa kuyakalia. Huku chumbani watoto wanne wanabanana kwenye mkeka mmoja, chandarua hakiwatoshi, na chini ya kitanda cha wazazi kuna chupa ya dawa ya shambani. Mgeni atasifia sebule kwa nusu saa, kisha atakwenda kwake. Wenye nyumba watabaki na kile chumba usiku kucha.

Anza chumbani

Kitanda ndicho samani ya kwanza kununua, na kitanda kizuri kwa mkoa wetu ni kile kinachobeba chandarua. Mwambie fundi aweke nguzo nne kwenye pembe na aziunganishe kwa juu kwa mbao nyembamba. Chandarua kitaning'inia vizuri, kitashuka hadi chini na utakichomeka chini ya godoro bila kupigilia misumari ukutani. Pia kitanda cha nguzo kinapendeza. Chandarua cheupe kilichovutwa sawasawa, shuka la kitenge na mito miwili vinatosha kukifanya chumba kionekane kimepangwa.

Vyandarua vyenye dawa ya muda mrefu hutengenezwa vidumu takriban miaka 3. Ukikifua, kianike kivulini, maana jua kali hupunguza nguvu ya dawa. Mama mjamzito akumbuke kuulizia chandarua anapohudhuria kliniki.

Kama watoto ni wengi na chumba ni kimoja, kitanda cha deka, ambacho wengine hukiita cha ghorofa, kinaokoa nafasi. Lakini kina masharti yake. Juu alale mtoto aliyetimiza miaka 6 au zaidi. Kingo ya juu iwe pande zote mbili, hata upande wa ukutani, na mapengo kati ya mbao zake yasizidi inchi 3 na nusu, ili mwili wa mtoto usipenye kichwa kikakwama. Ngazi ifungwe kwa skrubu, isiwe ya kuegemeza. Na kila kitanda kiwe na chandarua chake, cha juu na cha chini.

Acha nafasi ya kiganja kati ya kitanda na ukuta. Huku kwetu mchwa hupanda ukutani kimyakimya, na samani iliyogusa ukuta wa udongo hugundulika imeliwa siku ya kuisogeza. Ukiacha nafasi utafagia, na utaona njia zao za udongo mapema.

Mbao ipi kwa kazi ipi

Tabora ni nchi ya miombo, na mfalme wa samani katika miombo ni mninga. Sababu zipo. Mninga ukikauka haujipindi sana, hupigwa randa ukawa laini, una rangi ya kahawia yenye michirizi, na kiini chake hakipendwi na mchwa.

Zingatia neno hilo: kiini. Sehemu ya nje ya gogo ni nyeupe, na hiyo nyeupe huliwa na wadudu kama mbao nyingine yoyote. Kuna kitanda kinachouzwa kama cha mninga kumbe nusu ya miguu yake ni ile mbao nyeupe iliyopakwa vanishi nyeusi. Mwambie fundi akuonyeshe mbao kabla hajapaka kitu. Unataka kahawia tupu, hasa kwenye miguu na fremu.

Mkurungu, ndugu yake mninga, nao ni mgumu na hudumu. Mbao za msindano, ambazo wengi huziita za paini, hutoka kwenye mashamba ya kupandwa kama Sao Hill kule Mufindi. Ni nyepesi na bei yake iko chini. Zinafaa kwa rafu, meza ndogo na mbao za kulalia godoro, ilimradi zimekauka na hazigusi udongo.

Hapa kuna onyo. Mbao za kenchi zenye rangi ya kijani zimetiwa dawa ya kuzuia wadudu, na dawa iliyotumika sana kwa kazi hiyo ina shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki ni sumu. Mbao hizo ziache paani. Usitengenezee kitanda cha mtoto wala meza ya chakula, na mabaki yake usipikie, kwa sababu moshi na majivu yake vina sumu hiyo hiyo. Vivyo hivyo oili chafu ya magari ambayo watu hupaka kuzuia mchwa: si kitu cha kupaka kwenye samani ambayo mtoto ataigusa, ataiegemea na pengine kuilamba.

Mninga hutumia miongo mingi hadi gogo lake lifikie unene wa kupasuliwa. Kitanda unachonunua leo kilianza kuota kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Ndiyo maana uvunaji wake unahitaji kibali, na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, hukagua mbao zinazosafirishwa. Nunua kwa fundi au muuzaji anayekupa risiti. Kama unataka kupeleka samani au mbao nje ya wilaya, pitia kwanza ofisi ya misitu uulize karatasi zinazotakiwa. Mbao ya magendo ni rahisi mpaka siku inapokamatwa njiani.

Kabla hujatoa kianzio

Kwanza pima mlango. Chukua kamba, pima upana wa mlango wa mbele na wa chumbani, funga fundo, nenda nayo kwa fundi. Kochi la watu watatu lisilopita mlangoni litalala barazani, na mvua ya Novemba italikuta hapo.

Pili, uliza kuhusu ukavu. Mbao mbichi ni nzito, ina ubaridi ukiishika, na baada ya miezi michache inafungua viungo. Kanuni ya zamani ya mafundi ni kwamba mbao ya unene wa inchi 1 hukauka karibu mwaka mzima ikipangwa kivulini penye hewa. Fundi asiye na mbao kavu leo, heri umsubiri au uende kwa mwingine.

Tatu, kama ni kochi, lione likiwa mifupa. Uzuri wa kochi dukani ni kitambaa, lakini uhai wake ni fremu na sponji. Baadhi ya makochi ya bei ya chini yana fremu ya mbao za maboksi zilizopigiliwa misumari tu. Kubaliana na fundi kwamba utakuja kuangalia kabla hajavisha kitambaa. Viungo viwe vya kuchomeka na gundi, au skrubu. Bonyeza sponji kwa kiganja: nzuri hurudi mara moja, mbovu hubaki na shimo.

Nne, andikeni. Karatasi moja inatosha: aina ya mbao, vipimo, bei, kianzio, tarehe ya kukamilisha, sahihi zenu na shahidi mmoja. Lipa kwa hatua: kianzio cha mbao, kiasi kingine fremu ikisimama, na salio siku ya kuchukua. Fundi mwaminifu hatachukia, kwa sababu karatasi inamlinda yeye pia.

Ukuta: udongo, chokaa na rangi

Nyumba ya tofali za udongo inaweza kupendeza bila debe la rangi ya dukani. Kinachohitajika ni lipu nzuri. Udongo wa kichuguu unashika vizuri, lakini ukiwa peke yake hupasuka unapokauka. Dawa yake ni mchanga. Kwa kuwa udongo hutofautiana, jaribu kwanza. Paka viraka vitatu ukutani: cha kwanza ndoo 1 ya udongo kwa 1 ya mchanga, cha pili 1 kwa 2, cha tatu 1 kwa 3. Subiri wiki moja. Kiraka ambacho hakikupasuka, na hakivumbuki ukikisugua kwa kidole, ndicho mchanganyiko wako. Samadi ya ng'ombe kidogo kwenye lipu hupunguza nyufa.

Lipu ikikauka, chokaa inatosha kuleta mwanga. Chumba cheupe huonekana kikubwa, na mwanga wa dirisha dogo husambaa. Chokaa inachoma macho na ngozi, kwa hiyo ichanganye nje, vaa kitu mikononi, na watoto wakae mbali mpaka ukuta ukauke. Ukitaka urembo, chini ya ukuta, kwa urefu wa futi 3, paka udongo mwekundu. Unapendeza, na unaficha alama za mikono na miguu ya watoto. Ukichakaa unapaka tena bila gharama.

Ukinunua rangi ya dukani, chagua rangi ya maji kwa kuta za ndani, na soma kopo kama wameandika kuwa haina madini ya risasi. Risasi ilitumika kwa miaka mingi hasa kwenye rangi za mafuta, zile zinazong'aa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini, na mtoto huathirika zaidi kwa sababu ubongo wake unakua. Rangi kuukuu inayobanduka mlangoni au dirishani usiikwangue ikiwa kavu huku watoto wapo. Ilowanishe kwanza, kisha uokote maganda yote.

Baraza: samani isiyoanguka

Wageni wanaokuja Tabora hupenda kwenda Kwihara kuona tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872, ambayo leo ni makumbusho. Nyakati hizo Unyanyembe ilikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya pwani na Ujiji. Burton na Speke walifika Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwaka 1857. Misafara ilileta lugha hii tunayoongea, miembe inayotupa kivuli, na milango ya kuchonga ya mtindo wa pwani. Ilikutana na ujenzi wa bara: kuta nene za udongo, paa la bapa, na ua wa kati.

Katika nyumba za namna hiyo kuna samani moja ambayo tungefaa kuirudia: baraza ya kujengwa. Haihitaji mninga wala mkopo. Chini ya paa la mbele, ambako mvua haipigi, panga mawe ya msingi. Jenga tofali za udongo hadi urefu wa inchi 16 hadi 18, ambao ni urefu wa kiti cha kawaida, na upana wa inchi 20 hadi 24. Piga lipu ya udongo. Ukipata mfuko mmoja wa saruji, malizia juu kwa niru, na uache mwinamo mdogo ili maji yatiririke. Kona zote zizungushe kwa mwiko ziwe za mviringo. Kona kali ndiyo inayompasua mtoto paji la uso.

Tandika mkeka wa ukindu, kisha tengeneza mito. Mabaki ya vitenge kwa fundi cherehani hupatikana kwa pesa kidogo. Shona foronya zenye zipu au vishikizo ili zifuliwe. Jaza sufi au pamba. Baraza hiyo itabeba watu sita, haitaanguka, haitavunjika mguu, na mtoto akimwaga uji unapangusa.

Sebule ambayo mtoto anaruhusiwa kukaa

Kabla hujanunua meza ya kioo, jiulize nani anakimbia sebuleni kwako. Kama kuna mtoto wa chini ya miaka 5, chukua meza ya mbao yenye kona za mviringo. Ya kioo iache mpaka wakue.

Runinga na kabati refu ni hatari ambayo hatuizungumzii. Mtoto huvuta droo, akazifanya ngazi, na kabati lote likamlalia. Runinga iwekwe juu ya meza fupi na pana, si juu ya kabati jembamba. Kabati lishikizwe ukutani kwa kipande cha chuma na skrubu. Ukuta wa udongo haushiki skrubu vizuri, kwa hiyo kama nyumba ni ya udongo chagua kabati fupi na pana tangu mwanzo. Vitu vizito vikae chini, vyepesi juu.

Kwa makochi, omba mito inayotoka na vitambaa vyenye zipu. Rangi za kati, kama kahawia au kijani cha majani makavu, huficha vumbi letu la kiangazi kuliko krimu. Vile vitambaa vya kufuma usivitupe. Vina kazi ya kuzuia mafuta ya nywele yasiingie kwenye kochi, na vikifumwa kwa rangi inayofanana na mapazia, sebule nzima inashikana.

Sasa ile chupa ya chini ya kitanda. Sisi ni wakulima, na dawa za tumbaku na pamba zinaingia nyumbani. Mwombe seremala akutengenezee kisanduku cha kufuli kwa mbao zilizobaki, kitundikwe juu stoo au kwenye banda la nje, si chumba cha kulala. Dawa zikae humo katika vyombo vyake vyenye maandishi. Mafuta ya taa nayo yasiwekwe kwenye chupa ya soda. Mtoto mwenye kiu haulizi. Kisanduku hicho ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote tulivyotaja, na huenda ndicho chenye faida kubwa.

Kona ya kitabu

Jina la Kipalapala limesafiri kwa mambo mawili: Seminari Kuu ya Mtakatifu Paulo, na kiwanda cha uchapaji cha TMP, ambacho vitabu vyake vya Kiswahili vimeenea mbali. Itakuwa ajabu nyumba za hapa zikose mahali pa mtoto kusoma.

Meza ya mwanafunzi wa shule ya msingi iwe na kimo cha inchi 24 hivi, na kiti inchi 14, ili miguu ifike chini. Iweke karibu na dirisha, mwanga utokee upande wa kushoto kwa anayeandika kwa mkono wa kulia. Juu yake rafu moja ya vitabu inatosha. Kama chumba ni kiza, karatasi moja ya bati la plastiki linalopitisha mwanga inabadilisha nyumba nzima mchana. Usiku tumia taa ya sola. Koroboi karibu na pazia au chandarua imeshaunguza nyumba nyingi.

Ng'arisha kwa nta yetu

Tabora inajulikana kwa asali, na Chuo cha Ufugaji Nyuki kipo hapa hapa. Asali ikikamuliwa, nta inabaki, na nta ni kipolishi kizuri cha mninga usiopakwa vanishi. Chukua kipimo 1 cha nta safi kwa vipimo 3 vya mafuta ya alizeti. Weka kwenye kopo, na kopo uliweke ndani ya sufuria yenye maji ya moto. Nta huyeyuka kwenye joto la nyuzi 62 hadi 64 tu, kwa hiyo maji yanatosha. Kamwe usiiweke moja kwa moja motoni, hulipuka moto. Koroga, acha ipoe iwe kama siagi.

Jaribu kwanza sehemu isiyoonekana. Kisha paka kidogo sana kwa kitambaa, acha nusu saa, sugua mpaka ing'ae. Rudia mara moja au mbili kwa mwaka. Meza ya chakula ikipakwa hivi haina harufu kali, na hakuna sumu ya kumhofia mtoto.

Mpangilio wa pesa

Kwa anayeanza msimu huu, tunashauri mfuatano huu:

1. Vitanda na vyandarua vya kila anayelala ndani.
2. Kisanduku cha kufuli cha dawa za shambani.
3. Lipu, chokaa na bati la mwanga kabla ya mvua za Novemba.
4. Baraza ya kujengwa na mito yake.
5. Meza na kiti cha mwanafunzi.
6. Makochi na kabati, pesa ikibaki, au msimu ujao.

Makochi tumeyaweka mwisho kwa sababu yanaweza kusubiri. Mgeni atakaribishwa barazani, atakaa kwenye mto wa kitenge, na maji ya kunywa ataletewa na mtoto aliyelala vizuri. Kaeni chini baba na mama, na watoto wakubwa wasikilize, mpange orodha yenu kabla pesa haijaanza kutoka. Makala haya mnaweza kuyahifadhi kwenye simu, mkaenda nayo kwa fundi pamoja na ile kamba ya kupimia mlango.